Mashine Iliyochoka Katikati ya Wimbo

Sifa zote ni za Mungu, aliyeniacha niishi hadi mvi zikajaa kichwani, akanipa pumzi ya kusimulia. Yeye alituvusha mpaka wa nchi tukiwa hatuna kitu mikononi, akatulinda na nyimbo zake zikiwa salama vifuani mwetu. Kama katika haya nitakayosema kuna faida, imetoka kwake. Palipo na upungufu, ni wangu.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Kivu ya Kusini, kwenye milima inayotazama Ziwa Tanganyika. Huko nilikuwa mwalimu wa shule ya Biblia. Asubuhi nilifundisha, na alasiri nilichapa masomo na barua za kanisa kwa mashine ya chapa ya chuma, ambayo herufi zake zilipangwa kwa mpangilio wa Kifaransa. Siku tulipokimbia niliiacha juu ya meza, karatasi ikiwa bado ndani yake. Vidole vyangu havijaisahau hadi leo, na jambo hilo litanichekesha tena hapo mbele.

Kanisa letu la Nakivale lilianza chini ya turubai, kisha likapata kuta za udongo na paa la mabati. Vitabu vya nyimbo hatukuwa navyo. Vile vya Kibembe vilivyochapwa zamani viliungua, au viliozea njiani pamoja na mizigo mingine. Nyimbo zenyewe ziliokoka kwa sababu ya mama mmoja.

Mama huyo aliongoza kwaya yetu tangu kule nyumbani. Alikuwa mwembamba, mkali, na alitembea na fimbo ambayo haikuwa ya kutembelea bali ya kuhesabia mapigo ya wimbo, na nyakati nyingine ilishuka kwenye bega la mtu aliyechelewa kuingia. Wengine walijua sauti ya kwanza ya kila wimbo, kwa kuwa ndiyo inayokaa sikioni. Yeye peke yake alijua sauti zote nne. Akitaka kuwafundisha wanaume sauti ya nne, aliwaimbia kwa koo lake la kike, juu kidogo ya pale inapotakiwa, nao waliishusha wenyewe.

Miaka ilipita hivyo. Kisha, karibu mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, mama akapata majibu aliyoyangoja muda mrefu. Alikubaliwa kwenda kuishi kwa binti yake katika nchi ya mbali, nchi ya baridi. Vipimo vya daktari vilikwisha. Akaambiwa ataondoka kabla ya mwezi kuisha.

Tulifurahi kwa ajili yake, maana alikuwa hajamwona binti yake tangu vita. Lakini jioni ile, baada ya kumwombea, wazee wa kanisa tulibaki tumekaa kwenye mabenchi. Kila mmoja alikuwa akiwaza jambo lile lile. Akiondoka, sauti tatu kati ya nne zitaondoka naye.

Tulikwisha kujaribu simu. Simu ilishika sauti moja, nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Sisi tulihitaji sauti nne za mtu yule yule, moja juu ya nyingine, ili anayejifunza asikie jinsi zinavyokutana. Kazi hiyo ni ya kompyuta. Namshukuru Mungu kwamba miezi michache kabla ya hapo kanisa lilikuwa limechanga mahindi na maharage, yakauzwa Mbarara, nasi tukanunua kompyuta ya kukunja iliyokwisha kutumika. Sola ya kwenye paa iliitosha. Kwa kuwa ni mimi niliyewahi kuchapa, kazi ya kurekodi iliwekwa juu yangu.

Mama alipoona ile kompyuta imelala juu ya meza tupu ya mbao, hakupendezwa.

"Mwalimu," aliniambia, "Biblia yetu inalalaka wapi?"

"Juu ya kitambaa, Mama."

"Na hii itabeba nyimbo za Mungu. Italala kwa mbao kama sufuria?"

Nisikilize vizuri, msomaji, maana usipoelewa desturi hii utatuona wajinga. Kwetu, kitu cha heshima hakiwekwi juu ya ubao mtupu. Biblia ya mimbarani ina kitambaa chake kilichofumwa, kikombe cha Meza ya Bwana kina chake, hata redio nyumbani ina chake. Mama akafuma. Alinunua uzi mnene wa sufu, wa buluu na mweupe, akafuma kitambaa kikaja kuwa kama godoro dogo, tabaka mbili, na pindo zikainuka pembeni zikaikumbatia kompyuta ili vumbi letu jekundu lisiingie. Alikileta kanisani siku ya Jumapili, akakiweka mbele ya watu wote, akasema, "Hii ni mukono wangu. Nitakwenda, yenyewe itabaki." Watu walipiga makofi. Mimi nikakiombea.

Kuanzia siku iliyofuata tukaanza kazi.

Sauti ya kwanza ilikwenda vizuri. Mama aliketi kwenye benchi, maikrofoni mbele yake, akaimba beti zote macho yakiwa yamefumbwa. Ya pili akaiimba huku akiisikia ya kwanza katika visikizio. Tulipofika ya tatu, mashine ilichoka. Sina neno jingine. Sauti ilianza kukatika, ikaruka maneno, ikaganda, kisha ikaendelea pale ilipotaka yenyewe. Tulirudia. Ikakatika palepale. Tulianza na wimbo mwingine, nao ukafika sauti ya tatu ukavunjika.

Siku zilikwenda, na mama alianza kupoteza sauti kwa kurudia. Hakulalamika. Ila aliniuliza mara moja, taratibu, "Mwalimu, iko wimbo hata moja yenye imeisha?" Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna.

Shemasi wetu, mtu wa maneno makali lakini mwenye mikono isiyokataa kazi, alikwisha kutoa hukumu.

"Ule mufanyabiashara wa Mbarara alitudanganya," alisema mbele ya wazee. "Alituuzia mashini muzee. Iko na ubongo wa kuku. Mwalimu, uirudishe, akupe ingine, na umwambie kanisa lote linajua."

"Tumejuaje kwamba ametudanganya?" nikauliza.

"Si unasikia mwenyewe?"

"Nasikia inakatika. Sisikii sababu."

"Sababu! Mama anaondoka, wewe unatafuta sababu."

Maneno yake yaliniuma kwa kuwa nusu yake yalikuwa kweli. Lakini nilikwisha kuamua. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuandikwa kwa ajili ya jirani wa kanisani peke yake. Kabla ya kumwita mtu mwongo nilitaka kujua, na kabla ya mama kuondoka nilitaka nyimbo zishikwe. Niliona kwamba mambo hayo mawili yana njia moja. Nikaifunga kompyuta kwenye mfuko, nikaenda Mbarara.

Mfanyabiashara yule alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo, mzaliwa wa mjini pale, na duka lake lilikuwa jembamba, limejaa nyaya na kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Nilimkuta ametoka kuswali adhuhuri, maji ya udhu bado hayajakauka kwenye nywele za mikono yake.

"Karibu, mzee," alisema. "Umemrudisha mtoto wangu?"

"Nimemleta. Anachoka katikati ya wimbo."

"Wimbo gani?"

"Nyimbo za kanisa."

"Basi nikimtetea utasema nina upendeleo, na nikimlaumu utasema namwonea." Akacheka, akaniwekea kiti. "Keti. Tutamuuliza mwenyewe."

Nilimweleza yote, na sikumficha kwamba kwetu kuna wanaosema aliuza mashine yenye ubongo wa kuku. Hakukasirika. Alisema tu, "Ubongo wake unaitwa prosesa. Na prosesa haifichi mambo yake ukijua kuiuliza."

Akaiweka kompyuta juu ya kaunta ya kioo, akaiwasha, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, lenye alama moja tu iliyokuwa ikiwaka na kuzima. "Hapa hakuna mapambo," alisema. "Unaandika amri, unabonyeza Enta, inakujibu. Andika wewe, ili ujue."

Akanitajia amri ndefu, herufi kwa herufi, inayoanza na *cat*. Nikachapa. Mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Nikachapa tena, kwa uangalifu zaidi. Ikakataa tena. Mwenye duka aliinama akatazama kioo.

"Mzee, umeandika *cqt*."

Nikavitazama vidole vyangu. Kidole kilichotafuta *a* kilikuwa kimekwenda pale mashine yangu ya zamani ilipoweka *a*, na kwenye kompyuta hii mahali pale pana herufi nyingine.

"Nilijifunza kuchapa Kongo," nikamwambia.

"Naona. Vidole vyako vinaongea Kifaransa." Alicheka hadi mtu wa duka la jirani akachungulia. "Haya, nitakupa amri fupi ambayo Wafaransa hawana ugomvi nayo. Andika *lscpu*."

Herufi tano tu, na zote zilikuwa pale vidole vyangu vilipozizoea. Nikabonyeza Enta. Mistari ikashuka, upande wa kushoto jina la jambo, upande wa kulia habari yake, kama orodha ya vizazi katika Maandiko. Akanisomea kwa kidole. Mstari huu ni aina ya prosesa. Huu unasema ina viini viwili, yaani kama watu wawili wanaofanya kazi katika chumba kimoja. Huu ni mwendo wa juu kabisa inaoweza kufika, megahezi 2300. Na huu ni mwendo wake wa sasa hivi.

Mwendo wa sasa ulisomeka 800.

"Umeona?" nikasema. "Inajikokota."

"Imepumzika, mzee. Haina kazi. Hata wewe ukilala moyo wako unapunguza mwendo, na hakuna anayesema umekufa. Iulize ikiwa kazini."

Akafungua programu ya kurekodi, akaweka sauti juu ya sauti, sijui ngapi, nyingi kuliko zetu. Kisha akabonyeza mshale wa juu ili amri irudi yenyewe bila kuandikwa upya. Mwendo ukasomeka 2300. Tukanywa chai. Akauliza tena: 2300. Wateja wawili wakaja na kuondoka. Akauliza tena, na ilikuwa vile vile, na hakuna sauti iliyokatika.

"Ubongo wa ng'ombe dume," alisema kwa upole. "Hapa haumwi. Ugonjwa uko kwenu."

Nikaanza kuirudisha kompyuta mfukoni.

"Sisemi kwa ubaya, mzee. Nasema muulizie kule kule anakougulia. Ukiona anaanza na namba kubwa halafu inashuka na kazi bado ipo, kuna kitu kinambana. Tafuta ni kitu gani."

Sikuandika mahali popote. Nimehifadhi sura nzima za Zaburi kwa kuzirudia njiani, basi herufi tano zingenishinda? Nilizirudia kimoyomoyo hadi Nakivale, *l, s, c, p, u,* na abiria mmoja aliyeketi karibu nami akadhani nasali.

Kesho yake mama alikuja, akaipokea kompyuta kwa mikono miwili, akailaza kwenye kitambaa chake, akazikunja pindo pembeni. Nikafungua dirisha jeusi kando ya programu ya kurekodi. Sauti ya kwanza: 2300. Ya pili: ilianza vizuri, kisha 1900. Ya tatu ilipoanza, namba ilishuka hadi 800, na palepale wimbo ukavunjika.

Sasa nilikuwa nimemwona adui, ingawa sikujua jina lake. Nilidhani ni jua, kwa kuwa mabati yetu yanawaka mchana. Tukahamia alfajiri, mapema kabla ya paa kupata moto. Namba ikashuka. Nilidhani ni betri ya sola. Tukangoja ijae kabisa. Namba ikashuka. Nikapangusa vumbi kila mahali nilipofikia. Namba ikashuka.

Shemasi alisimama mlangoni akiniangalia nikibonyeza mshale na Enta, mshale na Enta.

"Mwalimu, uko unaomba mu ile dirisha nyeusi?"

"Nauliza."

"Inakujibu?"

"Inanijibu namba."

"Namba haziimbe," akasema, akaenda zake. Lakini jioni aliniletea maziwa kutoka kwa wafugaji wa upande wa Endiinzi, akasema niyanywe, macho yangu yamekuwa mekundu. Ndivyo alivyo.

Nilifunga na kuomba. Sikumwomba Mungu aifanyie mashine muujiza. Nilimwomba anifungue macho, kwa sababu niliamini sababu ipo na kwamba ninaipita kila siku bila kuiona.

Kisha siku moja mama alikuja mikono mitupu. Vumbi lilikuwa limegeuza kitambaa kikawa rangi ya matofali, naye alikuwa amekifua, kimeanikwa kwenye ua. "Leo tutaiweka kwa mbao tu," alisema, kama anayeomba radhi. Tukaiweka kwenye mbao. Akaimba sauti ya kwanza. Akaimba ya pili. Nikabonyeza mshale na Enta: 2300. Akaimba ya tatu, na mimi nikiwa nimeshika ukingo wa meza. 2300. Akaimba ya nne, ile ya wanaume, akiipandisha juu kama kawaida yake. Wimbo wote ulifika mwisho, haukukatika hata silabi.

Mama alivua visikizio. "Imeisha?"

"Imeisha, Mama."

Tulipiga magoti palepale, tukashukuru. Usiku ule nililala vizuri, nikidhani mambo yamekwisha.

Kesho yake kitambaa kilirudi kimekauka, safi, kinanukia sabuni. Mama akakitandika, akailaza kompyuta juu yake, akazikunja pindo. Kwenye sauti ya tatu wimbo ukavunjika.

Hapo ndipo Mungu aliponijibu, na sikupenda jibu lake. Nilimwambia mama aende kupumzisha koo. Alipotoka niliinua kompyuta na kuipindua. Chini yake, mahali ambapo sikuwahi kutazama, palikuwa na matundu membamba kama ya chujio, na ubavuni matundu mengine. Niliweka kiganja. Palikuwa pa moto kama pembeni mwa sufuria. Kumbe mashine huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni ili prosesa ipoe, nasi tulikuwa tumeiziba chini kwa sufu na ubavuni kwa pindo. Nayo ilipoona inaungua ilipunguza mwendo ili isife. Haikuwa mvivu wala mzee. Ilikuwa inajiokoa.

Nilijaribu tena ili nisimsingizie kitambaa kama shemasi alivyomsingizia mfanyabiashara. Juu ya mbao, namba ilikaa juu. Juu ya kitambaa, ikashuka. Juu ya mbao tena, ikapanda. Hapakuwa na shaka.

Nilimwita shemasi, nikamwonyesha. Alitazama kitambaa, akanitazama mimi, akaketi.

"Hii ni mambo ya nguvu," alisema. "Mama alisema mbele ya batu bote, hii ni mukono wangu."

"Najua."

"Utatoa zawadi ya mutu akiwa bado hajaondoka?"

Kwetu hilo halifanyiki. Kazi ya mkono wa mtu haiondolewi mbele ya macho yake, hasa ya mtu anayeaga. Kuiondoa ni kama kumwambia mkono wake haukutakiwa. Na mama aliketi karibu na meza ile kila siku, nisingeweza kukivuta asione.

Shemasi alifikiri. "Tuseme panya wamekikula."

"Ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Basi tuseme panya wa inje."

Nilicheka, nikahitaji kucheka. Lakini nilimwambia hapana. Zilibaki siku chache na nyimbo nyingi, na sikutaka zile sauti nne zisimame juu ya uongo. Ningemwambia ukweli. Ila niliamua nisimwambie kwa mdomo wangu. Mama yule alikuwa hakubali neno la mtu juu ya wimbo mpaka ausikie mwenyewe. Basi na hili alione mwenyewe.

Alipofika asubuhi sikumkalisha kwenye maikrofoni. Nilimkalisha mbele ya kioo. Namba alizijua, maana alisoma sura na aya za Biblia bila msaada. Kompyuta ilikuwa juu ya kitambaa chake kama alivyopenda. Nikaanzisha sauti zote za ule wimbo uliokamilika, ili mashine iwe kazini.

"Mama, huu mstari unasema mashine inakwenda mbio kiasi gani. Nisomee."

"Elfu mbili na mia tatu."

Tukangoja kidogo. Nikabonyeza mshale na Enta.

"Elfu moja na mia tisa," alisoma. Kisha tena. "Mia nane. Inachoka."

Sauti ikaanza kukatika. Nikaiinua kompyuta, nikaiweka kwenye mbao. Tukakaa. Nje ng'ombe walikuwa wakipita kwenda majini, na mchungaji wao akiwapigia mluzi. Nikabonyeza.

"Elfu moja na mia sita," alisoma. Tukangoja. "Elfu mbili na mia tatu."

Hakuniangalia. Alinyoosha mkono, akaushika mgongo wa kompyuta, akaupeleka mkono chini yake, akagusa pale palipokuwa na joto. Kisha akakigusa kitambaa, nacho kilikuwa na joto kama kitanda alichotoka mtu.

"Ni kitambaa yangu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Inapumua kwa chini."

Shemasi aliyekuwa mlangoni alijifanya anatazama ng'ombe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na jana haukuniambia."

"Niliogopa kukuumiza."

Alinigeukia, na nikaona yule mwalimu wa kwaya wa milimani, sio mama anayeaga. "Mwalimu, mimi nimepiga batu fimbo miaka mingi kwa sababu ya sauti ya tatu. Hakuna hata mumoja niliogopa kumuumiza. Mutu akiimba vibaya unamwambia. Mashini inaimba vibaya, na wewe unachunga moyo wangu?" Akakivuta kitambaa kutoka mezani. "Mama gani anafunika mutoto kinywa, halafu anashangaa haimbi?"

Nilidhani atakikunja akiweke kwenye kikapu, na moyo wangu ulikuwa tayari kusikitika. Lakini alikikunja mara mbili, akakiweka kwenye benchi, akaketi juu yake. Akajisogeza, akajisogeza tena hadi akakaa sawa.

"Hii benchi imenikula mugongo tangu siku ya kwanza," alisema. "Hapa ndiyo fasi yake. Leta mikro."

Shemasi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Tuliimba, maana kwa wakati ule nilijiona na mimi naimba. Alfajiri hadi jua linapotoka kwenye paneli, siku baada ya siku. Koo likimkauka alikunywa maji ya uvuguvugu, akasema, "Ingine." Kabla ya kila sauti niliiuliza mashine hali yake, naye mama alisoma namba kwa sauti, kisha akafumba macho akaanza. Hatukumaliza nyimbo zote alizozijua, sitasema uongo. Lakini zile alizozichagua mwenyewe, zile alizosema kanisa lisiishi bila hizo, zilikamilika, kila moja na sauti zake nne. Katika wimbo mmoja, kwenye sauti ya tatu, ng'ombe analia kwa mbali. Nilitaka kuurudia. Mama alikataa. Alisema yule naye amekaa Nakivale.

Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka, shemasi alisimama mbele ya kanisa bila kuombwa. Alisema kwamba alimtaja vibaya mfanyabiashara wa Mbarara, na kwamba mtu yule hakuwa na kosa. Nami nilipompigia simu mwenye duka kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Alhamdulillahi. Nilijua mtoto wangu si mvivu. Kumbe mlimpenda mno." Nilipokwenda tena mjini nilimvisha visikizio, nikamwekea wimbo mmoja. Alisikiliza akiwa amesimama, hata mteja akangoja.

Mama aliondoka asubuhi yenye ukungu. Tulimsindikiza hadi gari lilipoanza kwenda. Kitambaa hakukichukua, na hakuna aliyemuuliza.

Hadi ninapoandika haya, kwaya yetu inajifunza kutoka kwake. Wanaume wanasikia sauti ya nne kwa koo la mwanamke, wanaishusha wenyewe kama zamani. Kompyuta inalala kwenye mbao tupu, na asiyejua anatuona tumepoteza adabu. Kitambaa cha buluu na cheupe kiko kwenye benchi, na kila anayekuja kurekodi anaketi hapo. Nami kabla ya wimbo kuanza bado nafungua dirisha jeusi, nachapa zile herufi tano, nasoma namba kwa sauti, maana waimbaji wamezoea na hawaanzi bila kuisikia.

Wewe uliyefika hapa nami, Mungu akupe pumzi isiyozibwa na mikono inayokupenda. Akupe mtu wa kukuambia ukweli bila kukuogopa, na moyo wa kuketi juu ya ukweli huo na kuendelea kuimba. Na akukutanishe na wale mliotengana nao, hapa duniani au mbele zake. Amina.